Kinu Kilichosaga Jumapili

Mimi si mtu wa kunyamaza, na sitaanza leo. Kamati ya maji iliposema kinu cha mama cha kusagia mahindi ndicho kinachotikisa taa za kilima kizima, nilikataa mkutanoni, nikakataa barabarani, na nikakataa mbele ya mjomba wangu mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti cha mama akinywa chai ya mama. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati. Ni kaka mkubwa wa mama na mzee wa kanisa, na akikohoa tu mkutanoni watu hunyamaza wakidhani anataka kusema. Hata kinuni kwetu hajawahi kupanga foleni. Akifika na debe lake, wanawake husogea na kumpisha, kama wanavyowapisha wazee wote, naye hupita bila kugeuza shingo.

Kwetu ni juu mlimani, upande wa Kathiani. Laini ya umeme hupanda kutoka kwenye transfoma iliyo chini karibu na barabara, ikapita kwenye kisima cha mradi wa maji, ikapita nyumba za watu na kanisa, halafu ikafika kwetu na kuishia hapo. Baada ya kinu ni matuta ya mahindi na miembe tu. Mama alikianzisha kinu hicho nikiwa shule ya msingi, akakiendesha mpaka magoti yake yakagoma. Ndipo nikaacha kazi Nairobi, nikarudi kukishika. Sasa nilikuwa nimeambiwa kitakatwa umeme. Watu wangebeba mahindi yao hadi sokoni Kathiani, na mama angeketi kila asubuhi mlangoni akitazama mashine iliyokufa. Hilo la pili ndilo lililokuwa likininyima raha.

Ugonjwa wenyewe ulianza wakati wa kiangazi. Mchana kutwa taa zilikuwa zikififia na kung'aa, zikafifia tena na kung'aa, kwa mpigo, kama mtu anayehema. Redio zilikuwa zikikoroma kwa mpigo huohuo. Jumamosi, kwaya ikifanya mazoezi, kinanda kilizimika katikati ya wimbo, na waimbaji wakabaki wamefungua midomo. Kadiri ulivyopanda mlima ndivyo taa zilivyocheza zaidi, na kwetu, mwisho wa laini, zilicheza kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo hukumu ilikuwa rahisi. Palipo na moshi mwingi ndipo penye moto, wakasema, na mota kubwa kuliko zote mlimani ni ya nani?

Mjomba alikuja kunithibitishia. Alisimama chini ya balbu ya kinuni akaniamuru nizime mashine. Nikazima. Taa ilitulia kidogo, lakini iliendelea kuhema.

"Umeona?" akasema. "Hiyo mashine yako inakula stima yetu. Ukizima, inapungua."

"Imepungua, mjomba. Haijaisha."

"Kupungua ni kitu gani kama si dawa kufanya kazi?"

"Tazama vizuri. Mashine imelala na taa bado inacheza. Nani anaichezesha?"

Hakutazama. Alikuwa ameona alichokuja kuona, akaenda zake.

Hapo nilishikwa na hasira ambayo nilikuwa nimewahi kuionja. Kabla ya kurudi nyumbani nilikuwa mhandisi katika chumba cha kuangalia umeme wa gridi ya nchi nzima, kile chumba chenye ukuta mzima wa skrini. Siku moja mdundo wa umeme ulianza kuyumba juu na chini, pole pole, bila kuchoka. Mkubwa wetu akasema gridi imekuwa dhaifu, haijui tena kujituliza ikiguswa, kwa hiyo mitambo irekebishwe ili kuongeza kinachotuliza. Mimi nikasema hapana. Kitu kikiguswa mara moja, mtikisiko wake hufifia hata kama ni kwa kuchelewa. Huu haufifii hata chembe, kwa hiyo kuna mahali panapousukuma kila mara, na tusipopapata tutatuliza mpaka tuzeeke. Niliambiwa niketi. Baadaye ikaonekana ni vali moja mbovu katika mtambo mmoja, mbali kabisa na pale skrini zilipokuwa zikiruka zaidi. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Mambo hayo mimi sikuyajua kwanza chuoni. Niliyajua kwa ndoo. Nikiwa mtoto nilipotumwa maji, mama alikuwa akikata kitawi cha majani na kukilaza juu ya maji kabla ya kunitwika. Ukitembea bila majani, maji huanza kwenda mbele na nyuma, na hatua zako zikikutana na mwendo wake yanakumwagikia mpaka mgongoni. Majani huyatuliza. Lakini binamu yangu, mtoto wa mjomba huyuhuyu, alikuwa na mchezo wa kutembea nyuma yangu akisukumasukuma ndoo kwa kijiti. Siku hizo hata ningejaza kichaka kizima ndani ya ndoo ningefika nyumbani nimelowa. Dawa ilikuwa moja tu, kugeuka na kumnyang'anya kijiti.

Kuzima kinu changu kulikuwa ni kuongeza majani. Laini yetu ni nyembamba na ndefu, na mota yangu ikiwa inavuta, kila mtikisiko unaotoka chini unafika kwetu umekuwa mkubwa. Ndiyo maana taa zilitulia kidogo nilipozima. Kijiti kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Nilimweleza mjomba, nikaieleza kamati, nikaeleza hata wale ambao hawakuniuliza. Walinisikiliza kwa ile adabu ya watu wanaosubiri umalize ili waendelee walipokuwa wameachia.

Halafu akaja fundi wa laini na gari lake lenye ngazi juu, kwa sababu kamati ilikuwa imelalamika. Alikuwa mtu mpole, hata nilitamani awe mkorofi nipate wa kugombana naye. Alitazama taa za kanisa, akatazama mota yangu, akanitikisia kichwa.

"Mama, mota kubwa mwisho wa laini, mimi nifikirie nini tena? Watu wamechoka. Jumatatu nitapita hapa. Kama bado taa ziko hivi, nitalazimika kukata."

"Na ukikata na zikaendelea?"

"Hapo tutatafuta kwingine."

"Tafuta kwingine kwanza."

Alicheka, lakini hakubadilisha siku.

Sikulala vizuri juma hilo, na nasema wazi kwamba niliogopa. Niliogopa zaidi kwa sababu mama hakuniuliza lolote. Alikuwa akiketi mlangoni akichambua maharagwe, akitega sikio kwa mashine kama mtu anayesikiliza mgonjwa. Mimi nilikuwa nikitazama balbu. Niliona kwamba asubuhi, wanawake wanapojaa na mitungi yao kwenye mifereji ya kisima, yale mabomba ya kuchotea, taa huhema haraka. Saa ya chakula, mifereji ikiwa mitupu, huhema pole pole. Na jioni kisima kikishafungwa, hutulia tuli. Nilikwenda kwa mjomba nikamwambia ni pampu. Akaniuliza kama nataka pampu iliyoletwa kwa maombi ya miaka mingi ndiyo ilaumiwe kwa makosa ya kinu.

"Jioni taa zinatulia," nikamwambia.

"Jioni wewe pia umefunga kinu."

"Jumapili zinatulia."

"Jumapili pia umefunga kinu! Unajishtaki mwenyewe."

Na kweli, hapo alikuwa amenishika. Kwetu Jumapili hakuna kazi. Ng'ombe watakamuliwa, chai itachemshwa, na basi. Kisima hufungwa na pampu huzimwa kabisa, mjomba husema hata chuma kinastahili kupumzika. Kinu nacho hufungwa. Tangu mama alipokiwasha mara ya kwanza hakijawahi kunguruma siku hiyo, hata mwaka ule wa njaa, chakula cha msaada kilipofika Jumamosi jioni na watu wakalala na mahindi mazima ndani ya nyumba. Kwa hiyo kinu na pampu hufanya kazi pamoja na kulala pamoja, na hakuna mtu mlimani aliyewahi kuona kinu kikiwa macho na pampu imelala.

Nilijua la kufanya tangu Ijumaa. Nilijua pia kwamba nikilifanya nitaitwa mengi.

Jumapili asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa, yale mawingu ya baridi ya mwezi wa saba ambayo hufanya kanisa letu liwe giza na taa ziwashwe tangu wimbo wa kwanza. Mama alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama yangu, "leo usimtazame mhubiri. Tazama taa."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nasaga."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kofi, ingawa nina nywele za mvi.

"Basi usisage yale ya gunia jeupe," akasema. "Yako na mawe."

Akachukua fimbo yake akaenda.

Nilingoja mpaka niliposikia maombi ya kwanza yameisha. Kisha nikawasha. Wale wasiojua kinu hawawezi kuelewa jinsi kinavyopiga kelele mahali palipozoea utulivu. Mbwa walibweka. Kuku walikimbia. Nilimimina mahindi yetu wenyewe, nikaongeza, nikaongeza tena, nikitaka mota ivute umeme wote inaoweza kuvuta. Balbu iliyokuwa juu yangu haikutetemeka. Iling'aa tu, kimya, mfululizo. Niliiimbia. Niliimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa peke yangu ndani ya vumbi la unga, na sikuona kama namkosea Mungu hata kidogo. Niliona kama ananiangalia na kusema, ongeza mahindi.

Hawakungoja baraka ya mwisho. Niliwaona wakipanda njia, mjomba mbele na Biblia kwapani, wazee wenzake nyuma, kwaya na mavazi yao, na mama wa mwisho kabisa na fimbo yake.

"Unasaga siku ya Bwana?" Mjomba alilazimika kupiga kelele kushinda mashine.

"Ninasaga! Taa zilicheza?"

"Nimekuuliza unasaga siku ya Bwana?"

"Na mimi nimekujibu, ninasaga. Taa za kanisa zilicheza, mjomba, ndiyo ama la?"

Nikazima mashine ili ukimya wake usikike vizuri. Ni mama aliyejibu, akiwa bado anahema kwa kupanda.

"Mimi nimezitazama tangu wimbo wa kwanza. Hakuna hata moja ilitingika. Na hiyo mashine tulikuwa tunaisikia kama iko ndani ya madhabahu."

"Hata shetani anaweza kutuliza taa siku moja," mjomba akasema.

Mtu mmoja wa kwaya akacheka, halafu mwingine, na mjomba akageuka kuona ni nani, wote wakawa wanatazama viatu vyao. Nilimwambia twende kisimani sasa hivi, afungue pampu, tuone. Alikataa. Kisima hakifunguliwi Jumapili, kama mimi nimeamua kupotea ni mimi. Wazee wenzake walisema nitatengwa kwenye meza ya Bwana mpaka nitubu mbele ya watu. Nilisema sawa. Lakini mjomba hakuwa akiondoka. Alikuwa amesimama mlangoni, akiitazama balbu yangu, na kwa mara ya kwanza aliitazama kweli.

"Kesho," akasema. "Kukipambazuka."

Jumatatu jua lilitukuta kisimani. Wanawake walikuwa wameshapanga mitungi yao ya manjano, na habari ya jana ilikuwa imewafikia wote, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Mjomba alifungua kibanda cha pampu kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Akawasha. Akina mama wakafungua mifereji, na papo hapo balbu ya kibandani ikaanza kufifia na kung'aa. Swichi ya pampu ilikuwa ikigonga ta, ta, ta, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na kila ilipowaka mota ilinyakua umeme na taa ikainama. Kinu changu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikuwa nao mama.

Kando ya pampu kuna tangi la chuma, jekundu, linalofika kifuani. Nililigonga kwa kifundo cha kidole kuanzia chini. Du, du, du. Nikapanda mpaka juu kabisa. Du. Limejaa maji pomoni.

"Nani alilijaza hili?"

Mjomba aliivuta suruali yake juu, na nakumbuka alivyonijibu kwa fahari. "Mimi. Wale walioleta pampu walituachia tangi nusu. Nililigonga nikasikia huku chini maji, huku juu upepo mtupu. Mwaka wa kiangazi, tangi nusu! Kuna kidude hapo juu kama cha tairi. Nikakibonyeza, upepo ukatoka ukipiga mluzi mpaka ukaisha, maji yakapanda yakajaa. Hata tuliomba."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Mjomba alipokuwa mdogo alikuwa akitoka hapa kabla ya jua na punda wawili kwenda mto Athi, akirudi siku imekwisha na maji ya tope, na punda mmoja alimfia njiani. Nimesikia hadithi hiyo tangu nizaliwe. Mtu kama huyo ukimwonyesha chombo cha maji kilicho nusu tupu, unategemea akiache hivyo? Mimi mwenyewe, kama nisingejua, ningelijaza.

"Mjomba," nikasema, na sauti yangu haikuwa ile ya jana, "unakumbuka majani tuliyokuwa tukiweka juu ya ndoo? Huo upepo ndio majani. Akina mama wakichota, unasukuma maji pole pole na pampu inapumzika. Ukiutoa, pampu haina pa kuegemea. Kila kikombe kikichotwa inashtuka, kikijaa inazima. Inasukuma laini nzima mchana kutwa, kama yule mtoto wako na kijiti chake."

Aliuliza, kwa shida, "Kwa hiyo lazima liwe nusu?"

"Lazima."

"Na haya maji?"

"Yatoke."

Nilifungua vali ya chini, na wanawake walikuja mbio na mitungi, mabeseni, sufuria, hakuna tone lililogusa udongo. Mtu akaleta pampu ya mkono ya matairi. Niliinama kuishika, lakini mjomba akanisogeza kwa kiwiko. Alivua koti, akalitundika mlangoni, akaanza kupiga upepo ndani ya tangi kwa mikono yake mwenyewe, akilisukumia utupu uleule aliokuwa ameutoa. Alipumzika, akaendelea, na hakumpa mtu mwingine zamu. Alipomaliza aliligonga kuanzia chini. Du, du, halafu katikati likalia kama debe. Alikunja uso kana kwamba limemtukana. Tukawasha pampu, mifereji ikafunguliwa, na balbu ikabaki imetulia.

Hakusema samahani. Alivaa koti lake akaondoka, na mimi nikapanda kufungua kinu nikiwa na hasira tena, kwa sababu samahani niliitaka, niliitaka kabisa, na mbele ya watu.

Foleni ilikuwa ndefu asubuhi hiyo. Nilikuwa nimeshaanza kusaga gari la fundi lilipofika. Nilimweleza, akasema anasikia, lakini yeye ametumwa kwa sababu ya malalamiko ya kamati, na kamati haijamwambia kitu kingine. Akashusha ngazi, akaiegemeza kwenye nguzo. Mama alisimama kutoka kwenye kiti chake. Nilimwambia fundi kwamba akipanda nitaendelea kusaga mpaka aukate umeme nikiwa namimina, ili awe ameona kwa macho yake anakata nini.

Ndipo mjomba alipotokea kwenye kona akiongoza punda, na punda amebeba magunia mawili ya mahindi. Yeye huwa analeta debe. Wanawake walianza kusogea kumpisha kama kawaida.

"Mjomba," nikasema, mashine ikinguruma, "panga foleni."

Hata mama alinitazama vibaya. Mjomba alisimama, akanitazama, akatazama balbu iliyo juu yangu iking'aa bila kupepesa. Kisha akamgeuza punda, akapita kila mwanamke na kila beseni, mpaka nyuma kabisa, karibu na nguzo. Fundi alikuwa ameshaweka mguu kwenye kipago cha kwanza cha ngazi.

"Wewe kijana, shuka," mjomba akamwambia. "Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na mimi ndiye wa mwisho kwa laini hii ya mahindi. Bado sijasagiwa."